Baiskeli na biashara: lipi kweli, lipi uzushi?

Taja njia ya baiskeli mbele ya wenye maduka uone. Hujamaliza sentensi umeshaambiwa kwamba wateja watakimbia, kwamba waendesha baiskeli hawana pesa, na kwamba hayo ni mambo ya nchi za watu. Halafu nenda kwa watetezi wa baiskeli uwaulize kuhusu wafanyabiashara. Utasikia kwamba wenye maduka hawajali kitu ila maegesho, na kwamba kampuni ikitoa shilingi moja inataka irudishiwe kumi.

Wewe msomaji umeyasikia yote haya, pengine umewahi kuyasema mwenyewe. Yanasemwa kwa uhakika mkubwa. Bahati nzuri, mengi yake yameshapimwa kwa hesabu, tena katika miji ambako pande hizi mbili zilikubali kukaa meza moja. Tuyachukue moja moja.

“Ukiondoa maegesho ya magari, maduka yatakufa”

Si kweli.

Aliyelijibu swali hili kwa umakini kuliko wengi ni mtaa wa Bloor, mjini Toronto, Kanada. Ni mtaa wa biashara ndogondogo: mikahawa, maduka ya vitabu, vyakula vya Kikorea. Mwaka 2008 taasisi ya Clean Air Partnership iliwatuma watu wake wakazungumze na wenye maduka, kisha wakasimama njiani wakawauliza wateja swali ambalo kila mfanyabiashara anadhani analijua jibu lake: umefikaje hapa?

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Kati ya wateja kumi, ni mmoja tu aliyekuja na gari. Waliokuja kwa miguu au kwa baiskeli ndio waliorudi mara nyingi zaidi, na ndio walioacha fedha nyingi zaidi kwa mwezi. Jingine ni hili, na binafsi ndilo linalonifurahisha: wenye maduka waliodhani njia ya baiskeli au upanuzi wa njia ya waenda kwa miguu ungewaongezea biashara walikuwa wengi kuliko waliodhani ungewapunguzia. Watu waliokuwa wakisemewa kwamba wanapinga hawakuwa wameulizwa.

Agosti 2016 jiji likaweka njia za majaribio zenye urefu wa kilomita 2.4 hivi, na nafasi zaidi ya 100 za kuegesha magari zikaondoka. Hapa ndipo ushirikiano ulipoonekana. Vyama viwili vya wafanyabiashara wa mtaa huo, cha Bloor Annex na cha Korea Town, vilishirikiana na jiji kuagiza utafiti mpya, na kazi ikafanywa na TCAT, kituo kinachotetea kutembea na kuendesha baiskeli. Walihesabu kabla na baada. Wakahesabu pia mtaa mwingine, Danforth, ambao wakati huo haukuwa na njia hizo, wasije wakaisifu baiskeli kwa neema iliyokuwa imelishukia jiji zima. Pale Bloor idadi ya wateja ilipanda, na matumizi yao ya mwezi yakapanda. Ikaonekana pia kwamba wenye maduka wengi walikuwa wamekadiria wateja wenye magari kupita kiasi. Novemba 2017 madiwani wakapiga kura njia zibaki.

Tusitie chumvi. Utafiti huo hausemi kwamba kila dola iliyoongezeka ililetwa na baiskeli. Unasema kwamba msiba uliotabiriwa haukutokea, na hilo ndilo lililokuwa linabishaniwa. Wala siasa haikuishia hapo: mwaka 2024 serikali ya jimbo la Ontario ilipitisha sheria ya kung’oa njia za Bloor na za mitaa mingine miwili, chama cha Cycle Toronto kikaenda mahakamani, na Julai 2025 jaji akaamua kwamba kuziondoa kunahatarisha maisha ya watu kinyume cha katiba.

Kwa nini mwenye duka hukosea hesabu ya wateja wake mwenyewe? Nadhani ni kwa sababu mwenye gari analalamika. Akikosa pa kuegesha anaingia dukani amekunja uso, na anasema. Aliyekuja kwa miguu au kwa baiskeli ananunua, anaaga, anaondoka, na hakuna anayejua alifikaje. Kwa hiyo mtetezi wa baiskeli asiende dukani na hotuba, aende na daftari. Wiki nzima, yeye na mwenye duka wawaulize wanaotoka mlangoni lile swali moja. Daftari libaki kwa mwenye duka, maana namba alizozikusanya mwenyewe ndizo atakazoziamini, na ndizo atakazozisema mbele ya diwani.

“Mwenye baiskeli hana pesa ya kutumia”

Nusu kweli, nusu uongo, na wahenga walishaimaliza hesabu yake: haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2012 Kelly Clifton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, waliwafuata wateja kwenye mikahawa, baa, maduka madogo na supamaketi, wakauliza wamekujaje na wametumia kiasi gani. Katika ziara moja mwenye gari mara nyingi alimpita mwenye baiskeli. Lakini mwenye baiskeli alirudi tena na tena, na ukijumlisha mwezi mzima, kwenye mikahawa, baa na maduka madogo yeye ndiye aliyeacha fedha nyingi zaidi. Kwenye supamaketi mambo yaligeuka: mwenye gari alishinda, na sababu haihitaji profesa. Manunuzi ya wiki nzima ya familia hayaingii kwenye kikapu cha mbele.

Kwa hiyo mwenye supamaketi kubwa ana haki ya kusitasita. Mwenye mgahawa, kinyozi, duka la dawa au genge hana.

Portland kwenyewe wanaiishi hesabu hiyo kwa vitendo. Biashara inaweza kuliomba jiji nafasi ya gari iliyo mbele ya mlango wake igeuzwe ya kufungia baiskeli, na panapokaa gari moja hukaa baiskeli kama kumi. Hapa inafaa kuangalia kwa karibu, kwa sababu wengi huharibu hapa. Chuma kizuri cha kufungia ni bomba nene lililopindwa kama U iliyogeuzwa, miguu yote miwili imechimbiwa kwenye zege. Unafunga fremu na gurudumu kwa pamoja. Kipo mbele, mahali ambapo mwenyewe anaiona baiskeli yake huku anakunywa chai. Kile chuma chembamba chenye mifereji ya kuingiza gurudumu la mbele peke yake, kilichowekwa nyuma karibu na mapipa ya taka, kinapinda rimu na kumfurahisha mwizi. Na afadhali hicho kuliko mlinzi wa getini tunayemjua sote, yule anayemnyooshea mteja kidole akaifunge baiskeli kwenye nguzo ya umeme ng’ambo ya barabara. Mteja yule amefukuzwa, na mwenye duka hana habari.

“Biashara inayonufaika ni ya muuza baiskeli tu”

Uongo mtupu.

Septemba 2014 Meya wa London, Boris Johnson, alitangaza mpango wa njia kuu mbili za baiskeli zilizotenganishwa na magari kwa ukingo wa zege, moja ikikata jiji mashariki hadi magharibi kando ya mto Thames, nyingine kaskazini hadi kusini. Upinzani ulikuwa mkali na ulikuwa na fedha. Wapinzani walisema wanazungumza kwa niaba ya “wafanyabiashara”, na wanasiasa walianza kutikisika.

Ndipo akajitokeza Chris Kenyon, mkuu katika kampuni ya teknolojia ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli. Yeye na wenzake walianzisha kampeni iliyoitwa CyclingWorks. Ombi lake lilikuwa moja: mwajiri aseme wazi, kwa jina la kampuni, kwamba anaunga mkono njia hizo. Baada ya muda mfupi waajiri zaidi ya 100 walikuwa wamejiandikisha, wakiwemo Unilever, Deloitte na benki ya Royal Bank of Scotland. Wengi wao hawauzi hata kengele ya baiskeli. Walichotaka ni wafanyakazi wao wafike salama, na wasiache kazi kwa kuchoshwa na safari.

Februari 2015 bodi ya usafiri ya London ikaidhinisha mpango, na mwaka 2016 njia zikafunguliwa. London Cycling Campaign, chama cha siku nyingi, kilikuwa na wanachama maelfu na hoja nzuri kwa miaka, lakini mwanasiasa anayesikia “wafanyabiashara hawataki” hatulizwi na hoja za waendesha baiskeli. Anatulizwa na wafanyabiashara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watetezi waliujua mpango kiundani, waajiri walikuwa na uzito, na kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hana.

Kwetu njia hii iko wazi kabisa. Dar es Salaam kuna UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiandaa msafara wa baiskeli jijini. Nairobi wana kundi la waendesha baiskeli la Critical Mass, na wana sera ya kaunti ya mwaka 2015 inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuidai kila bajeti inaposomwa. Barua yenye sahihi za hospitali, kiwanda, hoteli na chuo, zote za barabara moja, ingesomwa kwa jicho tofauti na barua ya umoja peke yake.

“Mfanyakazi akija kwa baiskeli atafika ananuka jasho”

Kweli, hasa kwa jua la pwani. Na inatatulika.

Sevilla, kusini mwa Uhispania, kiangazi joto hufika nyuzi 40. Wapo waliosema hakuna mtu mwenye akili atakayepanda baiskeli kule. Chama cha A Contramano kilidai njia kwa miaka, na kuanzia 2006 jiji likajenga mtandao wa kilomita 80 kwa muda mfupi sana, kisha likauongeza. Safari za baiskeli zilikuwa maelfu machache kwa siku. Ndani ya miaka michache zikakaribia 70,000. Jua halikupungua.

Mwajiri ana sehemu yake: bomba la kuogea, kabati la nguo, ndoano ya kutundika shati, na ruhusa ya kuingia kazini mapema kabla jua halijawa kali. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Tangu 1999 sheria yao ya kodi inamruhusu mwajiri kumpatia mfanyakazi baiskeli, gharama ikakatwa kidogokidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Vyama vya akiba na mikopo vya kazini kwetu vinakopesha pikipiki na bati za kuezekea. Sioni kwa nini baiskeli isiwemo.

“Kuendesha sana kunaua nguvu za kiume”

Si kweli, na linasemwa zaidi kwenye chumba cha chai ofisini kuliko hospitalini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la mfumo wa mkojo la Marekani uliwalinganisha waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, na afya yao ya tendo la ndoa haikuwa mbaya zaidi. Ganzi ya sehemu za siri ndiyo iliyoonekana zaidi kwao, na dawa yake ni nyepesi: inuka kwenye kiti mara kwa mara, na usukani usiwe chini ya kiti. Tuendelee.

“Baiskeli haibebi mzigo wa biashara”

Uongo, na anayelisema Afrika Mashariki hajatazama barabarani. Hajakutana na baiskeli ya Phoenix iliyofungwa magunia mawili ya mkaa huku mwenyewe akiisukuma mlimani. Hajanunua mkate kutoka kwenye sanduku la mbao lililokazwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Bodaboda zenyewe zilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na zilianza kwa pedali, si kwa petroli.

Sasa Ulaya inayapima yale ambayo muuza mkate huyo anayajua. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster walichukua kumbukumbu za safari za baiskeli za mizigo za kampuni ya Pedal Me, London, wakazilinganisha na gari dogo la mizigo kwenye njia zilezile. Kwa saa moja baiskeli ilikabidhi vifurushi 10, gari 6, kwa sababu baiskeli haikai foleni wala haizunguki kutafuta pa kuegesha. Aliyeagiza utafiti huo ni Possible, shirika la kutetea mazingira. Kampuni ilitoa takwimu zake, watetezi wakazitangaza, na wote wawili wakapata walichokitaka.

Saruji mifuko 50 iachie lori. Lakini dawa, mikate, barua, gesi ya mtungi mdogo na chakula cha mchana cha ofisini ni kazi ya baiskeli au guta, na mwenye kampuni ya usambazaji anayekataa kujaribu anaunguza mafuta bure.

“Mdhamini akishaingia, umoja umeuzwa”

Kuna ukweli hapa, na watetezi wanaolihofia hili si wapuuzi.

Mwaka 2010 London ilizindua baiskeli za kukodi na njia kuu za kwanza, zote kwa udhamini wa benki ya Barclays. Njia zilipakwa rangi ya bluu inayofanana na ya benki. Zilipendeza kwenye picha. Lakini sehemu nyingi zilikuwa rangi tu juu ya lami, malori yakipita palepale. Watu walikufa kwenye njia ya mashariki. Mwaka 2013 ofisa anayechunguza vifo hivyo alionya rasmi kwamba rangi ile, pasipo njia yenyewe ya baiskeli, inawapa waendesha baiskeli imani ya uongo kwamba wako salama. Kosa la uchoraji ule lilikuwa la wapangaji wa barabara. Udhamini, hata hivyo, una tabia ya kupenda kinachoonekana: fulana, mabango, utepe wa kukata. Ukingo wa zege haupigiwi picha, lakini ndio unaomzuia dereva.

Swali la kumuuliza mdhamini basi ni hili: zaidi ya fedha, utabadilisha nini katika shughuli zako? London ileile inaonyesha jibu zuri. Malori yamehusika katika sehemu kubwa ya vifo vya waendesha baiskeli jijini humo, na mengi ni ya ujenzi. Mwaka 2013, baada ya shinikizo la watetezi na la jiji, kampuni za ujenzi zilikubaliana kiwango chao kiitwacho CLOCS: vioo vya kuona pembeni, vizuizi ubavuni ili mtu asiingie chini ya magurudumu, mafunzo kwa madereva, na masharti hayo kuandikwa kwenye mikataba. Mwaka 2015 vioo na vizuizi vikawa lazima kwa malori yote makubwa yanayoingia jijini. Kampuni ya malori au ya mabasi inayofanya hivyo, hata kama haikutoa senti moja ya fulana, imemlinda mwendesha baiskeli kuliko bango lolote.

Fedha zikija, zipokelewe kwa maandishi: kampuni imedhamini tukio fulani, na umoja unabaki na haki ya kuikosoa barabara, mamlaka na hata kampuni hiyo yenyewe. Mdhamini anayekataa kusaini sentensi hiyo amejieleza.

“Gawa baiskeli za bure, watu wataendesha”

Kweli kwa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo inategemea fundi.

Ushahidi wa faida upo, na ni mzito. Zambia, shirika la World Bicycle Relief liliwapa baiskeli wasichana wa vijijini wanaokaa mbali na shule, na watafiti wakawalinganisha na wasichana ambao hawakupewa. Muda wa safari ulipungua kwa asilimia 35, kuchelewa kukapungua kwa asilimia 66, utoro kwa asilimia 28. Nisingependa mtu yeyote atumie hoja ya “vya bure havithaminiwi” kuwanyima watoto hawa.

Lakini tazama shirika hilo lilivyojengwa. Lilianzishwa mwaka 2005 na watu wa kampuni ya SRAM inayotengeneza vipuri vya baiskeli, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Walipofika Afrika waliziona baiskeli za sokoni zikivunjika pedali na spoku katika muda mfupi, wakabuni ya kwao, Buffalo: chuma kizito, breki ya kukanyaga nyuma isiyohitaji waya, keria inayomudu kilo 100. Kisha wakafungua kampuni ya kuziuza. Kisumu kuna karakana ya kuziunganisha. Anayeweza kununua ananunua, mashirika yanayogawa nayo yananunua, na mafundi wa vijijini wanafunzwa na kupata spea. Nje ya Lusaka, wafugaji wa ushirika wa maziwa wa Palabana hupeleka maziwa kituoni kwa baiskeli hizo, na maziwa hayamsubiri mtu anayetembea.

Kwa hiyo kampuni yenu ikitaka kutoa baiskeli 100, itoe 90. Fedha za zile kumi zinunue spana, pampu, solusheni na viraka kwa mafundi wawili wa eneo hilo, pamoja na akiba ya tyubu, spoku, cheni na raba za breki. Spea hizo akabidhiwe mwenye duka la karibu aziuze kwa faida yake. Asipewe kama msaada wa kugawa, kwa sababu ni ile faida itakayomfanya aagize nyingine zikiisha.